Nyayo za wapanda mlima si chanzo cha kuyeyuka kwa barafu ya Rwenzori

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nimjibu msomaji mwenzangu ambaye, katika toleo lako la wiki iliyopita, alitaka njia zote zinazofika kwenye barafu ya Rwenzori zifungwe, kwa hoja kwamba viatu vyenye meno ya chuma wanavyovaa wageni ndivyo vinavyoikatakata barafu hiyo na kuiharakisha kuyeyuka. Mimi ni mzaliwa wa Kasese, chini ya milima hiyo upande wa Uganda, nafundisha jiografia huku huku, na ujanani nilibeba mizigo ya wageni wakati wa likizo hadi kibanda cha Elena, kwenye kimo cha mita 4,541, kwa hiyo uchungu wake naujua. Hata hivyo dawa anayoipendekeza si ya ugonjwa huu. Nilianza kulitambua hilo siku moja ya Aprili, nikiwa juu ya barafu ya watu wengine, nchini Norway.

Nilikuwa mjini Bergen kwa masomo ya mwaka mmoja. Wenyeji wangu walinieleza kwamba msimu wa kuvuka barafuto, yaani mto wa barafu, kwa skii, zile mbao ndefu za kutelezea juu ya theluji, si kiangazi kama nilivyodhani, bali ni mwisho wa majira ya baridi na mwanzo wa kuchipua kwa majani, wakati theluji ya miezi mingi imekwisha kushikana na kuziba nyufa, na mchana umekuwa mrefu. Kiangazi nyufa hizo huwa wazi kama visima visivyo na mfuniko. Basi watu wanne tukapanda treni ya Bergen, ile reli iliyofunguliwa mwaka 1909, tukashuka Finse, kituo kilicho juu kuliko vyote katika reli za Norway, mita 1,222. Barabara ya magari haifiki hapo. Nje ya dirisha hapakuwa na mti hata mmoja, na kwa mtu aliyezoea kwamba mita 1,222 ni nchi ya pamba na mahindi, hilo peke yake lilikuwa somo.

Tuliondoka saa kumi na mbili asubuhi, theluji ikiwa bado ngumu kwa baridi ya usiku. Chini ya skii walikuwa wamebandika kitambaa chenye nywele zilizolalia nyuma, ambacho huteleza ukisogea mbele na kushika ukitaka kurudi, na kwa njia hiyo mtu hupanda mlima akiwa amesimama juu ya mbao bila kuziinua. Tulivuka ziwa lililoganda, tukaanza kuupanda mlima wa barafu wa Hardangerjøkulen, ambao kilele chake kina mita 1,863. Mahali fulani kiongozi wetu alisimama, akatoa kamba, akatufunga mmoja baada ya mwingine, na kuacha nafasi ya kutosha kati ya mtu na mtu. Nikamwuliza barafuto iko wapi. Akaniambia nimekwisha kuikanyaga. Sikuwa nimeona tofauti yoyote: weupe mtupu, mlaini, uliopanda taratibu kama mgongo wa ng'ombe aliyelala, na chini yake, sehemu nyingine, barafu yenye unene wa zaidi ya mita mia tatu.

Jua lilipopanda, mwanga ulitoka juu na chini kwa pamoja. Nilijiona mjanja kwa kukataa mafuta ya kujipaka, nikidhani ngozi iliyokulia karibu na mstari wa ikweta haiwezi kutishwa na jua la Norway. Jioni yake nilikuwa nimeungua chini ya kidevu na ndani ya matundu ya pua, mahali ambapo jua la Kasese halijawahi kunifikia. Wenzangu walicheka kwa adabu. Mwalimu wa jiografia alikuwa amesahau kwamba theluji safi huurudisha juu karibu mwanga wote unaoiangukia. Nilikuja kuona baadaye kwamba hicho nilichokisahau ndicho kiini cha jambo ninaloliandikia.

Karibu na juu tuliwakuta watu wawili wakichomeka chuma kirefu chembamba ndani ya theluji, wakikiunga kipande juu ya kipande hadi kikagonga kitu kigumu. Walisoma mita tano na ushei, wakaandika, wakasogea, wakachomeka tena. Kile kigumu kilikuwa uso wa kiangazi kilichopita, na yote yaliyo juu yake yalikuwa akiba ya majira ya baridi moja. Walinieleza kazi yao kwa mfano ambao mkulima yeyote wa Bwera angeuelewa: barafuto ni ghala. Majira ya baridi huweka, kiangazi hutoa. Wao huja mwishoni mwa baridi kupima kilichowekwa, hurudi majira ya kupukutika kwa majani kupima kilichotolewa, na tofauti ya hesabu hizo mbili huonyesha iwapo ghala limejaa au limepungua. Upande huo wa barafuto, unaoitwa Rembesdalskåka, umepimwa hivyo tangu mwaka 1963, na sasa kazi hiyo hufanywa na Idara ya Rasilimali za Maji na Nishati ya Norway, kwa kuwa maji yake yanashuka kwenye bwawa linaloendesha mitambo ya umeme ya Sima. Barafuto nyingine ya nchi hiyo, Storbreen, imekuwa ikipimwa tangu 1949. Hakuna aliyezidai takwimu hizo zioneshe muujiza. Zilitakiwa ziwepo tu, mwaka kwa mwaka.

Kutoka hapo tulitoa vile vitambaa na kuteremka upande wa magharibi kuelekea kibanda cha Demmevass, kilichojengwa juu ya mwamba pembeni mwa barafu. Ilikuwa saa saba mchana. Uso wa theluji ulikuwa umelainika kina cha vidole viwili, punje zake kubwa na zenye maji kama chumvi ya Katwe ikitolewa ziwani, na wenzangu waliokulia juu ya skii waliteremka kwa mikunjo mizuri huku mimi nikiteremka zaidi kwa makalio. Tulipita sisi, na siku hiyohiyo walipita watu wengine wengi, kwa maana mlima huo ni maarufu kwa wapenda skii. Tulipogeuka nyuma tuliona mistari yetu, na mmoja wao akasema kwamba upepo wa usiku mmoja ungetosha kuifuta.

Sasa nirudi kwa msomaji wetu. Hardangerjøkulen unapungua, na hilo wapimaji hawakunificha. Ila unapungua zaidi kwenye ncha zake za chini, kwenye hewa ya joto, si juu kule tulikopita. Tena, kwa kuwa sehemu yake kubwa ni uwanda ulio karibu sawasawa, kila unavyopungua unene ndivyo uso wake unavyoshuka kuifuata hewa yenye joto zaidi, na ule mstari unaotenganisha mahali pa kuweka na mahali pa kutoa ukipanda mita chache tu, eneo kubwa kwa mara moja hugeuka kuwa la kutoa. Katika maelezo hayo sikuona mahali pa kuingiza skii.

Kwetu ushahidi ni wazi zaidi, na nashangaa kwamba hautajwi. Mwaka 1906, msafara wa Mtawala wa Abruzzi kutoka Italia ulipopanda na kuchora ramani ya Rwenzori, milima sita ilikuwa na barafu: Stanley, Speke, Baker, Emin, Gessi na Luigi di Savoia. Jumla yake ilizidi kilomita za mraba 6. Kufikia 2003 ilikuwa imeshuka chini ya kilomita moja ya mraba, na ilikuwa imebaki kwenye milima mitatu tu, Stanley, Speke na Baker. Hebu tujiulize wageni wanakwenda wapi. Wanakwenda Stanley, kwa sababu kilele cha Margherita, mita 5,109, ndicho wanachokitaka kwenye cheti na kwenye picha. Emin haendi karibu mtu yeyote. Katika likizo zangu zote za kubeba mizigo sikumpeleka hata mgeni mmoja. Kama nyayo ndizo zinazoua, Stanley ingekuwa ya kwanza kufa na Emin ingedumu. Imekuwa kinyume kabisa, na mpangilio wake unafuata kimo: iliyopoteza barafu mapema ni ile mitatu iliyo mifupi kuliko mingine, na Stanley, iliyo ndefu kuliko yote na inayokanyagwa kuliko yote, bado inayo.

Tofauti yetu na Norway ni kwamba ghala letu halina msimu wa kuweka tu. Karibu na ikweta hakuna miezi sita ya baridi ambayo jua huiacha barafu ipumzike. Theluji yaweza kuanguka mwezi wowote na kuyeyuka mwezi wowote, sehemu za chini zikitoa mwaka mzima. Theluji mpya isipoanguka, uso huwa wa kijivu na wenye vumbi, nao, tofauti na ule ulioniunguza kidevu, huumeza mwanga badala ya kuurudisha.

Sisemi kwamba nyayo hazina madhara. Zinaumiza, ila huko chini, kwenye matope ya kinamasi cha Bigo, ambako kabla ya kujengwa njia ya mbao kila kundi lilikuwa likitafuta pa kukanyaga na kupanua kidonda. Msomaji angeelekeza hasira yake huko ningemuunga mkono kwa mikono miwili. Wala sitaki kutumia hofu kwamba barafu ikiisha mito ya Kasese itakauka, maana sehemu kubwa kabisa ya maji ya Mubuku ni mvua inayohifadhiwa na misitu na vinamasi. Kitakachopotea ni kingine. Wakonzo, wenyeji wa milima hii, huita theluji nzururu, na mlima wenyewe jina lake latokana na neno hilo. Wazee walimweka Kitasamba, mungu wao, humo, wakaheshimu mpaka.

Tukifunga njia, barafu itaendelea kuyeyuka bila shahidi. Wanaoifahamu kwa karibu kuliko mtu yeyote ni vijana wanaowaongoza wageni, ambao hufika huko mara nyingi kwa mwaka na huweza kukuambia mahali ambapo miaka michache iliyopita mtu alitoka kwenye mwamba na kukanyaga barafu moja kwa moja, na sasa anahitaji ngazi. Wataalamu wamewahi kuja kupima na kuondoka, na takwimu nilizozitaja hapo juu ni matunda ya kazi yao. Ninachokitaka ni upimaji wa kila mwaka, unaofanywa na watu wa hapa, kwa ruhusa ya Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda na chini ya usimamizi wa chuo kikuu chetu kimojawapo. Kupima huko hufanywa kwa nguzo zinazochomekwa ndani ya barafu, ambazo huchomoza zaidi kadiri barafu inavyoyeyuka, nazo ni mabomba ya alumini yanayoungwa. Tundu hutobolewa kwa mtambo mdogo wa mvuke, ambao mtu mmoja anaweza kuubeba mgongoni. Kusoma nguzo ni kuhesabu sentimita kuanzia kwenye barafu hadi ncha ya bomba na kuandika tarehe, kazi ambayo kijana aliyemaliza darasa la saba anaiweza, na ambayo kiongozi anaweza kuifanya wageni wake wakivaa viatu vyao vyenye meno. Nguzo nane juu ya uwanda wa Stanley zingetosha kuanzia.

Ni mimi msomaji wako,
Mwalimu wa jiografia,
Kasese.