Jicho jeupe la mbwa si uzee kila mara

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumze na wanaofuga mbwa wa aina ndogo. Kazi yangu ni kuwashika mbwa daktari wa mifugo anapowapima macho, na jicho likiwa jeupe, maneno ninayoyasikia kila mara kwa wenye mbwa ni "huo uzee tu".

Kuna wakati ni uzee kweli. Mbwa akipita miaka 6 au 7, lenzi ya jicho husongamana na kuwa na ubuluu wa moshi, lakini mwanga hupenya na mbwa anaona. Lakini mtoto wa jicho, ugonjwa wa lenzi kuziba kwa ukungu, huzuia mwanga. Daktari huzima taa, akamulika kwa kurunzi: jicho la uzee hung'aa kwa ndani, lenye mtoto wa jicho huonyesha doa au ukungu mzito. Kwa kutazama tu nyumbani ni vigumu kutofautisha.

Mbwa wa aina ya Poodle, Bichon Frise, Boston Terrier na Miniature Schnauzer hurithi mtoto wa jicho, na wengine huanza wangali vijana. Mbwa wenye kisukari ndio hunitia hofu zaidi. Sukari ikizidi huingia kwenye lenzi, hugeuka sorbitoli (aina nyingine ya sukari), huvuta maji, na jicho laweza kuwa jeupe katika muda mfupi mno. Nimemshika Poodle aliyefika ukingo wa meza akawa anapapasa hewa kwa mguu wa mbele. Mwenye mbwa alisema mbwa huyo amekuwa akinywa maji kupita kiasi na kukonda huku anakula vizuri. Dalili hizo zikionekana, mbwa apimwe sukari, hata macho yakiwa meupe au la.

Jambo linaloniuma ni matone ya kuyeyusha mtoto wa jicho. Hakuna yaliyothibitishwa. Matone anayotoa daktari hutuliza uvimbe wa ndani ya jicho, ambao ukiachwa huweza kuleta presha ya jicho, na presha hiyo humtesa mbwa kwa maumivu. Tiba ni upasuaji: lenzi huvunjwa kwa mawimbi ya sauti, hunyonywa, na mara nyingi huwekwa ya bandia. Retina, sehemu ya nyuma ya jicho inayopokea mwanga, hupimwa kwanza, kwani ikiwa imekufa upasuaji haurudishi kuona. Kuchelewa hupunguza nafasi ya kufanikiwa.

Asiyeweza kumudu upasuaji asikate tamaa, ila aendelee kumpeleka mbwa apimwe presha ya macho. Nyumbani, vyombo visihamishwe ovyo, na mbwa asemeshwe kabla hajaguswa.

Mhudumu wa kliniki ya mifugo