Kwa mdogo wangu wa Columbus: usihame kimyakimya

Mdogo wangu,

Habari za kuhamishiwa Seattle nimezipata kwa mama, na nimefurahi sana. Mshahara ule si wa kuukataa. Ila nimesikia pia kwamba umeshaanza kutafuta mpangaji, na kuna watu wanakushauri barua zako ziendelee kufika Columbus ili mkopeshaji asijue kitu. Hilo limeninyima usingizi. Naandika hadharani kwa sababu ndugu zetu wengi hapa Marekani wako katika hali hiyohiyo.

Nyumba yenu mliinunua kwa mkopo wa FHA, shirika la serikali ya Marekani linaloweka bima kwenye mikopo ya nyumba, ndiyo maana mliweza kutanguliza asilimia 3.5 tu. Serikali inauwekea bima mkopo huo kwa kuwa mnunuzi anakwenda kuishi humo mwenyewe. Anayenunua ili apangishe hutakiwa kutanguliza fedha nyingi zaidi, na kwa kawaida riba yake huwa juu. Katika makaratasi mliyosaini, chukua lile la rehani, tafuta kipengele cha makazi. Kinasema mtahamia ndani ya siku 60 na mtaishi humo kwa muda usiopungua mwaka mmoja. Nyinyi mmeishi humo miezi mitano tu.

Usitaharuki lakini. Kipengele hichohicho kinatambua kwamba kuna mambo yaliyo nje ya uwezo wa mtu, na kinampa mkopeshaji nafasi ya kulegeza sharti likiwaletea shida kubwa. Kinachoangaliwa hasa ni nia yako siku uliposaini. Wewe ulihamia kweli, ukapaka rangi chumba cha watoto, ukawaandikisha shule ya mtaani. Uhamisho umekuja baadaye. Hapo hujamdanganya mtu. Utamdanganya siku watakapokuuliza unaishi wapi, nawe ukajibu Columbus huku unalala Seattle. Kumpa mkopeshaji maelezo ya uongo kwa makusudi ni kosa la shirikisho, na sheria inataja kifungo cha hadi miaka 30 na faini ya hadi dola milioni 1. Wengi hawafikishwi huko, ni kweli, lakini mkopeshaji anaweza kudai deni lote kwa mkupuo. Na sisi ambao makaratasi ya uhamiaji bado yako njiani, kesi ya udanganyifu hatuiwezi.

Kwa hiyo kabla ya mpangaji yeyote, iandikie kampuni inayopokea malipo yenu ya kila mwezi. Eleza kilichotokea, ambatisha barua ya mwajiri yenye tarehe ya uhamisho, uombe idhini ya maandishi. "Sawa" ya kwenye simu usiitegemee, maana kesho atapokea mtu mwingine.

Kuna njia moja ambayo sijasikia mkiitaja. Shemeji naye alisaini mkopo. FHA inataka angalau mkopaji mmoja awe anaishi ndani ya nyumba. Yeye na watoto wakibaki hadi shule zifungwe kiangazi, mwaka utakuwa umetimia bila kumwomba mtu ruhusa. Najua kuishi mbalimbali ni kugumu, tena mkiwa na mtoto mchanga. Likalieni nyinyi wawili. Mimi wala mama tusiwaamulie.

Mkifikia kupangisha, anzeni na bima. Mliyonayo ni ya mwenye nyumba anayeishi humo. Mpangaji akiunguza jiko, kampuni inaweza kukataa kulipa. Kaunti ya Franklin, ambamo Columbus imo, nayo inataka nyumba ya kupangisha isajiliwe kwa mkaguzi wa hesabu wa kaunti, na lile punguzo la kodi ya nyumba kwa anayeishi humo litaondoka.

Nitumie rasimu ya barua kabla hujaituma, tuipitie pamoja. Jumapili sina zamu, nipigie saa yoyote.

Kaka yako