Kadzo, Uache Hapo Hapo Mwambani

Kasarani, Nairobi
3 Agosti

Kadzo mwenzangu,

Hujambo na wote hapo Kilifi? Huku tu wazima, ila baridi haijatuacha bado. Nimesoma ujumbe wako kwamba unataka kuung'oa ule mti wa waridi la jangwani pale juu ya mwamba uje nao wiki ijayo, usubiri huku mpaka uhamie Desemba.

Usiung'oe, tafadhali. Mizizi yake imejipenyeza kwenye nyufa za matumbawe, haitoki mizima hata utumie mtaimbo. Itakatika, na kidonda cha mmea huu kikikutana na udongo mbichi kwenye baridi kinaoza kuanzia ndani. Majani yanaweza kukudanganya wiki kadhaa, kumbe shina limeshakuwa uji. Tawi nalo hushika ukilikausha kwanza, lakini mara nyingi halinenepi chini, na ule unene ndio uzuri wenyewe.

Niletee mbegu. Mti ukiwa peke yake kwa kawaida hauzai, kwa sababu haukubali chavua yake wenyewe. Tafuta maua ya miti miwili tofauti, yaliyofunguka jana au leo. Chana ua upande mmoja mpaka chini kooni. Utaona koni ndogo, na juu yake nyuzi tano ndefu zenye manyoya. Koni hiyo ni vifuko vitano vya chavua vilivyobanana. Chavua imo ndani, upande wa juu. Mahali pa kuipokea pako ndani humo humo, chini yake kidogo. Ndiyo maana ua linaweza kutembelewa na wadudu siku nzima lisizae kitu. Penyeza ncha ya brashi nyembamba kabisa ya kuchorea katikati ya vifuko viwili, uchote ule unga unaonata. Kwenye ua la mti wa pili, ingiza brashi kwenye ufa ulio karibu na kitako cha koni, usukume taratibu kwenda juu. Fanya maua kumi hivi, maana mengi yatadondoka tu.

Yakishika, maganda hutoka mawili mawili kama pembe za mbuzi, na hukomaa baada ya miezi miwili hadi mitatu. Yafunge mapema kwa uzi au kipande cha chandarua kuukuu. Kila mbegu ina manyoya ncha zote mbili, na ganda likipasuka upepo wa bahari hautakubakizia hata moja. Vuna linapoanza kupasuka, anika mbegu kivulini siku mbili tatu, kisha uzitie kwenye bahasha ya karatasi. Usitumie mfuko wa nailoni, zitaota ukungu njiani. Na uvae glavu: utomvu wake ni sumu ya moyo, mtoto au mbuzi asiuguse.

Tutazipanda Januari, siyo kabla. Mbegu hizi zinapenda joto la nyuzi 27 hadi 32, na Januari mpaka Machi ndiyo miezi ambayo jua la Nairobi linakaribia kutosha. Tutaziloweka kwa muda wa saa mbili kwenye maji ya vuguvugu, tuzilaze ubavu, tuzifunike nusu sentimita tu. Huchipua ndani ya siku nne hadi kumi. Zikisongamana kwenye unyevu, shingo hunyauka na mche unalala chini asubuhi moja, basi. Acha sentimita tatu kati ya mbegu na mbegu.

Udongo mwekundu wa huku usitumie peke yake, hushikana; ule mweusi wa Embakasi ndio kabisa usiuguse. Changanya sehemu mbili za yale mawe mepesi yenye vitundu yanayochimbwa upande wa Longonot, sehemu moja ya mchanga mnene wa mto, na moja ya samadi iliyooza vizuri. Chungu kiwe cha udongo, kipana kuliko kina, chenye tundu la kweli. Kila unapouhamishia mti chungu kingine, pandisha kile kitako kinene cha shina sentimita moja juu ya udongo.

Sasa Juni mpaka Agosti, hapo ndipo watu huiua miti hii. Usiku huweza kushuka hadi nyuzi 10 au 12, majani yanageuka manjano yanaanguka, mtu anadhani ni kiu, anamwaga maji. Mti umelala tu! Mkubwa unaweza kuunyima maji kabisa. Mche upe kidogo kila wiki tatu, asubuhi ya jua. Ukiwa na shaka, bonyeza kitako kwa kidole. Kikiwa laini na udongo ni mkavu, una kiu. Kikiwa laini na udongo umelowa, umeoza: ng'oa siku hiyo hiyo, kata kwa kisu kilichopanguswa kwa spiriti mpaka uone nyama nyeupe safi, paka unga wa mdalasini, uuache kivulini siku kumi ndipo uupande kwenye mchanganyiko mkavu.

Vidung'ata, wale wadudu weupe kama pamba, na utitiri watakuja, hasa kiangazi. Maji ya sabuni jioni yanatosha ukiwahi.

Kwa habari ya nyumba, chagua roshani inayotazama kaskazini. Kuanzia mwisho wa Machi hadi mwisho wa Septemba jua hupita upande huo, yaani inapata jua miezi ile ile ya baridi. Mti unataka saa sita za jua kamili. Ukipungukiwa utarefuka bila maua. Hata hivyo usitarajie ua mwaka wa kwanza. Huko kwenu mche huchanua kwa mwaka mmoja au miwili, huku ongeza.

Andika kwenye bahasha mbegu za mti upi zilichavushwa na upi, na mdogo wako aangalie nyuzi za maganda usipokuwepo.

Wako,
Mueni