Barua ya wazi kwa Waziri wa Maliasili na Utalii: tutengee uwanja wa mahema Kilwa Masoko

Mheshimiwa Waziri, salaam sana na pole na majukumu.

Naenda moja kwa moja kwenye ombi maana najua barua mezani kwako ni nyingi. Naomba wizara yako itenge kipande cha ufukwe pale Kilwa Masoko, upande unaotazama Kilwa Kisiwani, kile kisiwa chenye magofu ya mji wa kale, kiwe uwanja wa mahema wa umma, bei ya mwananchi wa kawaida, wenye choo safi, maji, kivuli na mlinzi wa usiku. Basi. Hoteli siombi, hizo wenye mitaji yao watajenga wenyewe wakiona faida. Ninachoomba ni sehemu ambayo mwalimu wa sekondari anaweza kupeleka wanafunzi wake, au baba na mama na watoto wao, wakachomeka hema, wakalala siku mbili tatu, wakaijua Kilwa vizuri badala ya kuipitia mbio mbio kama wanavyofanya wengi sasa hivi.

Maana kiukweli Kilwa haionekani kwa saa mbili. Mtu anatoka Dar asubuhi na basi, anakatiza daraja la Mkapa pale Rufiji, anapita Somanga, anafika Nangurukuru anashuka au basi linakata kona kuelekea Masoko, akija kutua ni mchana tayari na mwili umechoka. Hapo bado kibali cha kuingia magofuni, bado kutafuta boti, bado kumpata muongoza wageni, na hapo bahari nayo ina ratiba yake. Akivuka anapokelewa na Gereza, ile ngome yenye minara ya duara kwenye kona zake mbili, anapiga picha, anakimbizwa Msikiti Mkuu, anapiga picha nyingine, kasri ya Makutani anaiona kwa juu juu, halafu nahodha anaanza kuita watu turudi. Husuni Kubwa iko mbali kidogo upande wa mashariki, juu ya jabali, na wengi hawafiki kabisa, wakati ile ndiyo kasri ya sultani ya karne ya 14, vyumba zaidi ya 100, ina bwawa la kuogelea la pembe nane linalotazama bahari! Mtoto wa Kitanzania anamaliza shule amekariri kwamba Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 na bwawa lenyewe hajawahi kusimama pembeni yake, na hata aliyebahatika kwenda Kilwa anaweza kurudi hajaliona kwa sababu tu jua lilikuwa linazama na hakuwa na pa kulala pa bei anayoiweza.

Hapo ndipo hema linapobadilisha kila kitu. Ukilala Masoko unaamka alfajiri, unaangalia maji yamefika wapi, unavuka yakiwa mazuri na unarudi yakiwa mazuri, hakuna wa kukukimbiza. Wenyeji wa pwani wanalijua hili ila ngoja nilieleze kwa ajili ya watakaosoma kutoka bara: bahari huku kwetu inajaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku moja, na kila siku inachelewa kama dakika 50 hivi, na siku za bamvua, mwezi mpevu na mwezi mwandamo, tofauti ya maji kujaa na kupwa inapita mita 3. Kwa hiyo ule ufukwe uliouona asubuhi si ule wa jioni. Ziara ya kwenda na kurudi siku hiyo hiyo inategemea bahati, umekuta maji au hujakuta. Kisiwa cha Songo Mnara ndio usiseme, ni safari ndefu zaidi kwa boti kuelekea kusini na maji yakiwa yamepwa unashuka mbali unatembea kwenye tope la mikoko, pale bila kulala Kilwa na kupanga siku yako kwa maji huendi, au unaenda na kurudi na hasira. Na Songo Mnara ni nusu ya urithi wetu, UNESCO mwaka 1981 waliandikisha magofu ya Kisiwani na ya Songo Mnara kwa pamoja.

Sasa kuhusu mahali penyewe, naomba sana uwanja usiwekwe kisiwani. Najua wapo watakaokushauri kwamba hema likiwa chini ya ukuta wa Gereza picha zitakuwa nzuri na watalii watajaa. Mheshimiwa, usikubali. Kisiwani kuna kijiji, kuna watu wanalima na kuvua na kuzika wafu wao pale, kuna visima vyao, na ardhi yenyewe ni jiwe la matumbawe lenye matundu, choo kikichimbwa ovyo uchafu unashuka moja kwa moja mpaka kwenye maji wanayokunywa. Halafu chini ya mchanga pale kila hatua kuna kigae, kuna shanga, kuna msingi wa nyumba ya mtu wa miaka 700 iliyopita, vigingi vya hema vikigongwa pale vinagongwa juu ya historia ambayo wataalamu hawajaichimba bado. Kulala iwe Masoko, kutembea iwe Kisiwani.

Na hili la moto ndilo linaloniuma zaidi naomba nilikalie kidogo. Watu wa mahema tunapenda moto, hakuna kambi bila moto jioni, na pwani kuni nzuri kuliko zote ni mkoko, unawaka kwa joto kali na unakaa. Ila mkoko huo huo ndio uliokuwa unailinda ngome. Mizizi yake inashika tope, inavunja nguvu ya wimbi kabla halijafika ukutani. Mikoko ikikatwa, wimbi linafika, mchanga unaondoka chini ya msingi, na ndivyo ukuta wa Gereza wa upande wa bahari ulivyoliwa mpaka sehemu ikaanguka. Kilwa iliwekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004 na ikatolewa 2014, miaka kumi ya kazi, kuta za kuzuia bahari zimejengwa, mikoko imepandwa upya, wananchi wa pale wameshika matope kwa mikono yao. Itakuwa aibu kubwa leo tukaleta wageni wa mahema halafu kuni zao zikatoka kwenye mikoko ile ile! Kukata mkoko bila kibali ni kosa kisheria, sawa, lakini mgeni atajuaje gogo alilouziwa njiani limetoka wapi. Kwa hiyo uwanja uwe na jiko moja la pamoja la gesi, na kama moto wa kuni utaruhusiwa basi uwe mmoja tu, sehemu moja iliyojengewa, kuni ziuzwe na uwanja wenyewe, mivinje au vifuu na makumbi ya nazi, mtu asiingie na kuni zake.

Nimelala kwenye kambi kadhaa za pwani, nyingine nzuri nyingine za kusikitisha, na ya kusikitisha zaidi sitaitaja jina. Walituonyesha kivuli kizuri tuweke mahema, kumbe ni chini ya minazi iliyozaa, usiku upepo ulipoongezeka nazi zikaanza kudondoka, moja ikapasua hema la jirani yetu, tunashukuru alikuwa nje. Choo kilikuwa kimoja kwa watu wote na kisima kipo hatua chache kutoka hapo. Taa kubwa nyeupe zinawaka usiku kucha zinamulika baharini, wakati kila mvuvi anajua kasa anayetaka kupanda kutaga akiona mwanga anageuza, na vitoto vyake vikianguliwa vinafuata taa badala ya kufuata bahari. Haya yote kuyaepuka hakuhitaji mamilioni, kunahitaji mtu anayeijua pwani akae kwenye mpango tangu siku ya kwanza.

Kwa mfano mtu wa hivyo atakwambia mahema yakae juu ya ule mstari wa majani makavu na takataka ambazo bamvua kubwa huziacha, na si juu kidogo, juu haswa. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilitukumbusha wote, mvua zile zilikata barabara ya kusini, magari yakakwama, na mtu aliyekuwa na hema ufukweni wiki ile sijui angekimbilia wapi. Uwanja uwe na banda moja la kudumu, la zege na paa imara, watu waingie hali ikichafuka, na masika ufungwe kabisa, isiwe mjadala. Kuanzia Juni upepo wa kusi unapuliza kwa nguvu, usiku kunakuwa na ubaridi mzuri na mbu wanapungua, lakini mchanga unaruka na vigingi vifupi vinang'oka, kwa hiyo inafaa kupanda mivinje mistari miwili mitatu upande wa kusini iwe kizuizi. Kaskazi ikiingia bahari inatulia, boti zinavuka kwa raha, ila joto ni kali na hapo kivuli ndio maisha. Mtu wa ofisini Dodoma hawezi kuyajua haya na si kosa lake, waulizwe manahodha wa Masoko, wazee wapo, watachora ramani kwa kidole mchangani.

Kwa nini sasa hivi na si miaka mitano ijayo? Kwa sababu ya bandari ya uvuvi inayojengwa hapo hapo Kilwa Masoko. Mimi naifurahia, vijana watapata kazi, samaki watakuwa na soko. Lakini tunajua bandari ikija ardhi ya pwani inafanyaje bei, kila mwenye pesa atataka kiwanja cha mbele ya maji, na baada ya muda mfupi utakuta ufukwe wote una ukuta na geti, mwananchi anaiona bahari kwa kuchungulia. Eneo likitengwa leo kwa ramani na tangazo, hata kama ujenzi utasubiri bajeti, litabaki letu. Likiachwa halitapatikana tena kwa bei yoyote.

Naomba pia bei isipangwe kwa kumwangalia mgeni wa dola peke yake. Kiingilio cha magofu tayari kina bei ya Mtanzania na bei ya mgeni, na uwanja wa mahema ufuate utaratibu huo huo, na wanafunzi walipe kidogo kabisa au wasilipe. Wengi hawana mahema, hilo nalo lifikiriwe, uwanja uwe na mahema ya kukodisha na magodoro, maana hema zuri madukani bei yake si ya mchezo na watu wengi wanaona kambi ni mambo ya wazungu kwa sababu hiyo tu. Wakipewa nafasi wanapenda, nimeona kwa macho yangu watu waliokuja wanalalamika mbu na usubi, asubuhi ya pili ndio wa kwanza kuuliza tutarudi lini.

Na chakula kisiletwe na kampuni kutoka Dar. Kina mama wa Masoko wanapika pweza wa nazi na wali na mihogo, wapewe banda lao, wapange bei wenyewe. Boti ziwe za umoja wa manahodha wa pale na kila moja iwe na majaketi ya kuokolea yanayotosha abiria wote, hapo naomba usilegeze hata kidogo. Vijana waongoza wageni wa Kisiwani wawe na kibanda chao uwanjani jioni, wakae na wageni wasimulie, habari za dhahabu ya Sofala, huko pwani ya Msumbiji ya leo, za sarafu zilizopigwa Kilwa ambazo chache ziliokotwa mwaka 1944 mpaka Australia huko kwenye visiwa vya Wessel, za Wareno walioingia mwaka 1505 wakajenga ngome na kuiacha baada ya miaka michache, na Waomani waliokuja baadaye wakajenga Gereza tunaloliona leo. Hadithi hizo mchana zinasimuliwa kwa haraka jua likiwa utosini na watu wanatafuta maji ya kunywa. Usiku watu wanakaa wanasikiliza, wanauliza maswali, watoto hasa.

Mheshimiwa, ninachosubiri kwako kwanza si pesa. Ni kutuma timu ikae Kilwa Masoko angalau mzunguko mmoja wa mwezi, iyaone maji ya bamvua na maji mafu, yale yasiyojaa wala kupwa sana, ikae na halmashauri, serikali ya kijiji cha Kisiwani na manahodha, halafu watangaze hadharani eneo lipi limetengwa na mipaka yake ni ipi. Wakitaka watu wa kujitolea kusafisha ufukwe na kupanda mivinje, wapiga kambi tupo, wa Dar, Lindi na Mtwara, tutakuja na majembe yetu na mahema yetu. Kusi ikitulia kabla ya vuli ndio wakati mzuri wa kuanza.

Nasubiri jibu lako hapa hapa hadharani.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mpiga kambi wa pwani ya kusini