Barua kwa Somo Yangu Aliyeko Dodoma

Kirumba, Mwanza
Jumapili jioni

Somo yangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka huku ziwani. Sisi hatujambo. Watoto wazima, mama mguu unamsumbua kama kila msimu wa mvua lakini anatembea, na juzi kafika mwenyewe mpaka mwaloni kutafuta sato.

Uliponipigia Alhamisi salio lilikata ukiwa unasema, "Uani tuko wapangaji tisa na hakuna anayejua jina langu." Neno hilo limenikaa. Ningeweza kukupigia mimi, lakini kuna mambo nikiyasema kwa simu nayaharakisha. Ndiyo maana nimechukua kalamu.

Nianze na jambo ambalo sijawahi kukwambia. Mwezi wa kwanza, wiki ya kufungua shule, kibanda changu kilijaa sare mpaka juu ya cherehani. Unakumbuka wiki ile inavyokuwa, kila mzazi anataka ya mwanawe leo. Asubuhi akaja mtoto wa miaka minane hivi, kaptula imeachia mshono nyuma, ameishika kwa mkono. Akasema, "Shikamoo mama, naomba unishonee." Sikuinua hata uso. Nikamjibu, "Rudi jioni baba, huoni kazi?" Akasema haya. Nilipoinua uso alikuwa anaondoka, mgongo ameuegemeza ukutani, anasogea kiubavuubavu, mkoba wa shule ameuteremsha kufunika nyuma. Alikwenda hivyo mpaka kwenye kona.

Jioni hakurudi. Mshono ule haukuzidi inchi nne, somo. Ningeumaliza chai ikiwa bado ina moto.

Nililia usiku ule. Nikajichunguza, je, nina roho mbaya? Wewe unanijua tangu tukiwa darasa la tatu. Mtoto yule sikumchukia. Nilikuwa na haraka tu, na haraka ikanitosha kumwacha aende shule na aibu yake. Nikaona kwamba nikisubiri kuwa mwema siku nitakayopata nafasi, nafasi yenyewe haitakuja. Lazima niitenge, kama ninavyotenga hela ya kodi.

Basi tangu mwezi wa pili, saa 1 hadi saa 1 na nusu asubuhi sishiki kazi ya mteja. Nakaa na sindano na boksi la vifungo. Aliyeachiwa na mshono, aliyeng'okewa kifungo, mwenye zipu iliyogoma, namshonea. Nje nimeweka benchi na ndoo ya maji yenye kikombe. Ni hivyo tu. Siku nyingine anakuja mmoja, siku nyingine watano, siku nyingine natazama barabara.

Mwanzoni nilikosea jambo moja. Nilikuwa nasema, "Hapana, sitaki hela," kwa sauti, na watu wanasikia. Kuna mvuvi mmoja mtu mzima nilimshonea koti, nikamrudishia 500 yake mbele ya vijana wa bodaboda. Uso wake ulibadilika. Kesho yake alikuja na sato wawili kwenye mfuko, akawaweka mezani bila kuzungumza, akasimama kunitazama kama nitawakataa. Nikawapokea kwa mikono miwili. Akacheka, ndipo akaniuliza habari za nyumbani. Sasa sizungumzi habari ya hela kabisa. Anayetaka kuacha shilingi mia ataiweka kwenye boksi la vifungo, asiyekuwa nayo ataondoka kifua mbele.

Nikupe na la bibi mmoja. Alikaa kwenye benchi kama mtu anayepumzika, nikamwamkia, "Mwangaluka, mayu," akaitikia vizuri. Mara akatoa bahasha tatu za dawa, zile ndogo za karatasi, akawa anazigeuza. Akaangalia moja, akairudisha, akachukua nyingine. Moja imeandikwa 1x3, nyingine 2x2, ya tatu 1x1 usiku. Nikajua hasomi, na nikajua hataniomba. Nikamwambia, "Bibi, namba za dawa hizi hata mimi huwa zinanichanganya, hebu tuziangalie pamoja." Akanipa upesi sana, maskini. Nikachukua uzi mwekundu nikapitisha sindano kwenye mdomo wa bahasha ya kwanza, nikafunga mafundo matatu: asubuhi, mchana, usiku. Ya pili mafundo mawili makubwa, nikamweleza kwamba fundo kubwa ni vidonge viwili kwa mpigo. Ile ya usiku nikaweka uzi mweusi, fundo moja. Akazishika, akapitisha kidole gumba juu ya mafundo akiwa amefumba macho, akataja kila moja bila kukosea. Dakika tano, somo, labda sita. Mpaka leo nikifunga uzi mwekundu namwona anavyopapasa.

Wiki iliyopita nilikwenda Sengerema kwenye msiba wa upande wa baba watoto. Tulipita juu ya daraja la Kigongo–Busisi. Limefunguliwa Juni 2025, urefu wake kama kilomita 3, nawe hujalipita bado. Ni dakika chache tu uko ng'ambo. Namshukuru Mungu kwa ajili yake, maana tumeshawaona wajawazito wakisubiri pantoni jua linawachoma. Lakini nilipotazama chini kwenye maji nikakumbuka foleni zetu za zamani. Unakumbuka siku ile tulipokwama Busisi mpaka giza? Tulikula mahindi ya mtu tusiyemjua, wewe ukambeba mtoto wa mwanamke mwingine mpaka akalala, na dereva wa lori akatuazima turubai tukalie. Hakuna aliyepanga kuwa mwema. Tulikuwa tumesimamishwa wote mahali pamoja, basi tukaonana. Sasa hatusimamishwi tena, na sitaki turudi kwenye foleni. Nilichowaza pale darajani ni kwamba kusimama sasa ni juu yetu wenyewe.

Kurudi nikapitia Igombe kwa mama mdogo. Huko ndiko nilikoona jambo lililonifanya nikuandikie.

Ilikuwa kiza cha mwezi, kwa hiyo mitumbwi ilikuwa imetoka usiku na taa zake na dagaa walikuwa wengi. Kufikia saa 3 asubuhi ufuko mzima ulikuwa unang'aa, dagaa wametandazwa, kila mama na eneo lake. Jua kali, hakuna aliyekuwa na wasiwasi. Mara upepo ukageuka ukaja wa baridi, na ziwa kule mbali likawa jeusi. Mtu akapiga kelele, "Mvua!" Unajua dagaa wakilowa wakiwa nusu kukauka wanaharibika, na wasipotupwa watanunuliwa kwa bei ya kutupa, wakawe chakula cha kuku. Kila mtu alikimbilia dagaa wake. Nami nikashika fagio nikawa nakusanya, mama mdogo anazoa kwa ungo anamimina kwenye turubai.

Tulipofika nusu, mama mdogo akasimama. Eneo la jirani yetu lilikuwa limetandazwa vilevile, halina mtu. Alikuwa amempeleka binti yake kujifungua. Mama mdogo akaniambia, "Hawa waliobaki waache. Twende kule." Nikamwambia mama, hawa wako wataloa. Akanijibu huku keshaondoka, "Nikikosa nusu na yeye akakosa nusu, wote tutakula. Akikosa wote?"

Tulizoa pamoja na mchanga wake, mvua ikaanza kutupiga mgongoni, wanawake wengine wawili wakaja. Tukafunika kwa turubai tukaweka mawe pembeni. Dagaa wa mama mdogo waliobaki, kama ndoo mbili, waliloa mbele ya macho yetu.

Yule jirani alirudi alasiri, binti kajifungua salama, mtoto wa kike. Akalikuta turubai na mawe. Akauliza, "Nani?" Mama mdogo alikuwa anachambua mchanga, akasema, "Tulikuwepo." Hakuongeza neno. Wale wawili nao wakanyamaza. Na jirani hakushukuru kwa maneno mengi, alikaa chini pale pale akaanza kuchambua na sisi.

Sasa nirudi kwako. Uliniambia chumba cha pembeni kuna dada anayerudi kazini usiku, na humpendi kwa sababu anagongagonga mlango akitafuta tundu la ufunguo, tena salamu haitikii. Somo, mimi nadhani haoni. Taa ya baraza mnaizima saa ngapi? Najua LUKU mnachangia na kuna maneno juu yake. Lakini balbu ile ndogo haili umeme mwingi, na ikizidi sema utalipia wewe. Iache ikiwaka mpaka usikie mlango wake umefungwa. Ifanye wiki mbili bila kumtajia. Salamu mpe vilevile, asipoitikia usihesabu. Mtu aliyechoka saa 5 za usiku anaweza kuwa ameitikia moyoni.

Nakutumia dagaa sado moja. Ni hao hao wa Igombe, wamekauka vizuri na mchanga nimeutoa mwenyewe, ila ukiwaosha wapitishe maji ya moto mara mbili. Nusu ni yako. Nusu mpe yeye. Usikae kumweleza habari ndefu, mwambie wametoka nyumbani kwetu Mwanza, kisha urudi chumbani kwako. Akikurudishia bakuli lina kitu ndani, hata kama ni ubuyu tu, pokea kwa mikono miwili.

Mzigo utapanda basi la kesho saa 12 asubuhi, nitakutumia namba ya konda. Mama anakusalimu sana, anauliza utakuja lini kulipita hilo daraja. Matone yameanza kulia juu ya bati. Ngoja niingize benchi.

Ni mimi somo yako.