Miguu iliyonyamaza

Temeke, Dar es Salaam

Mpenzi shoga yangu Mama Zuhura,

Salamu nyingi. Mimi sijambo, wajukuu wazima, sukari asubuhi hii imesoma 7.8.

Barua yako nimeirudia mara mbili. Unasema ule moto wa nyayo uliokuwa ukikunyima usingizi umetulia wenyewe, na unamshukuru Mungu. Shoga, mimi nimeingiwa na hofu. Wangu nao ulitulia hivyo hivyo, kumbe kisukari kimeua mishipa ya fahamu ya miguu. Kliniki nesi aliniambia nifumbe macho, akanigusa nyayo kwa ule uzi wa nailoni unaobonyeza kwa uzito wa gramu 10. Aligusa sehemu kumi. Nilizozisikia ni tatu.

Haukupita mwezi, kipande cha chupa kikapenya kandambili yangu, nikazunguka nacho sokoni mchana kutwa. Nilikuja kujua usiku, kwa damu ya kwenye shuka. Kidonda kile kilinichukua miezi minne.

Na panya, Mama Zuhura. Wamewahi kufika hospitali hapa Dar watu wa kisukari waliotafunwa miguu usingizini wasisikie kitu mpaka asubuhi. Neti yako ichomekee vizuri chini ya godoro.

Siku hizi kazi ya maumivu naifanya kwa macho. Kila usiku naweka kioo kidogo sakafuni, najikagua nyayo. Kila nikimaliza udhu nafuta katikati ya vidole kwa kitambaa kikavu, maana unyevu ule mara tano kwa siku ukiachwa huleta fangasi, ngozi ikachanika. Mafuta napaka juu ya mguu na kisiginoni, katikati ya vidole sipaki. Maji ya kuoga napima kwa kiwiko. Viatu nakung'uta kwanza, na vipya nanunua jioni, mguu ukiwa umejaa.

Ule wembe wako wa kukwangulia sugu utupe, nakuomba sana. Na ukiona kidonda, hata kama punje ya mtama, usikifunge majani. Nenda hospitali siku hiyohiyo.

Leo kabla hujalala mwite Zuhura akumulike nyayo kwa tochi ya simu, atenganishe na vidole kimoja kimoja. Niandikie alichokiona.

Akupendaye,
Mama Salma