Mwanangu Zuhura, mjomba wako asikukimbize

Mwanangu mpenzi Zuhura,

Assalaam aleikum. Huku Houston hatujambo, ila mgongo umemrudia baba yako na hataki kusikia habari ya kwenda kuonwa. Ujumbe wako ule mrefu wa mipango yako ya kufikia udaktari nimeusoma kazini, wakati wazee ninaowahudumia wamelala. Nikaona mambo yenyewe si ya kujibiwa kwa sauti za WhatsApp, nikachukua karatasi.

Kwanza mjomba Salim. Najua anavyokuuliza kila Ijumaa kwenye kundi la familia, "Daktari wetu yuko mwaka wa ngapi?" Usimkasirikie. Yeye anapiga hesabu za nyumbani: mtoto akifaulu vizuri PCB, yaani fizikia, kemia na biolojia, kidato cha sita, anaingia Muhimbili moja kwa moja, anasoma miaka mitano, mwaka mmoja wa mafunzo kazini, basi, anaitwa daktari na ndevu hazijakomaa. Nikimweleza kwamba Marekani sharti umalize kwanza shahada nyingine, anadhani nakufichia aibu, labda umefeli ukahamishwa. Juzi nikamwambia lawama azipeleke Johns Hopkins. Walipofungua shule yao ya udaktari mwaka 1893 walitaka kila anayeingia awe na shahada tayari, na mwaka 1910 bwana Abraham Flexner akatoa ripoti yake baada ya kukagua shule 155 za Marekani na Kanada, akaifanya Hopkins kuwa kipimo cha wenzake. Mjomba akanyamaza. Sijui alielewa au alichoka.

Wewe lakini piga hesabu za huku uliko. Shahada miaka minne, udaktari minne, kisha mitatu hadi saba ya kujifunzia hospitalini. Safari ya urefu huo, mwaka mmoja ukiongezeka haidhuru, na wengi wanaoingia shule za udaktari siku hizi wamekaa mwaka au zaidi tangu wamalize shahada. Kwa hiyo mpango wako wa kuchukua kemia ogania, fizikia na maabara zake zote katika semesta moja ili "umalize mapema", jibu langu ni hapana. Umalize mapema umuwahi nani?

Nina sababu. Gredi za huku hazifutiki. Chuo chako kinaweza kukuruhusu urudie somo na kuisahau ile D ya kwanza, lakini siku utakapoomba udaktari kupitia TMDSAS, ule mfumo wa shule za Texas, D inahesabiwa na A uliyoipata baadaye inahesabiwa pia. Tena wanatoa wastani wa masomo ya sayansi peke yake, biolojia, kemia, fizikia na hesabu, kwa hiyo huwezi kuificha fizikia nyuma ya A za masomo mengine. Semesta ikikuelemea, nenda kaliache somo moja kabla tarehe ya mwisho haijapita. W moja, ile alama ya somo ulilojitoa, haimkoseshi mtu udaktari. Na profesa anapokaa ofisini kusubiri wanafunzi, nenda hata kama huna swali kubwa. Unavyopenda kukaa nyuma nakujua. Watahitaji barua kutoka kwa walimu waliokufundisha sayansi, na mwalimu mwenye darasa la mamia ya watu atamwandikia nini mtu asiyemfahamu hata sura?

Historia usiiache. Umesema haikusaidii. Shule za udaktari zinaangalia kama umepita kwenye masomo wanayoyataka. Shahada yenyewe inaweza kuwa ya historia, ya muziki, ya chochote. Na ule mtihani wa kuingilia shule za udaktari, MCAT, una sehemu nzima isiyo na sayansi hata chembe, maswali 53 kwa dakika 90, unasoma vifungu vya falsafa na sanaa na mambo ya jamii halafu unaulizwa mwandishi alikuwa anadai nini. Watoto waliokariri kemia tangu wakiwa wadogo hukwama hapo, maana hakuna cha kukariri. Msomaji wa historia ana nafuu.

Kuhusu MCAT yenyewe, naona marafiki zako wameshakutia hofu. Alama zinaanzia 472 na kuishia 528, na wanaopata nafasi wastani wao ni karibu 512. Ni shughuli ya kutwa, inachukua muda wa saa saba na nusu ukijumlisha mapumziko. Usiufanye "kujaribu". Unaruhusiwa mara saba tu katika maisha yako, na shule zinaona matokeo yote, mabaya na mazuri. Subiri mpaka umesoma biokemia, pamoja na saikolojia na sosholojia, ndipo ujiandikishe tarehe ya kuufanya. Kabla ya hapo hata vitabu vyake usinunue.

Sasa hili ndilo hasa lililonifanya nichukue kalamu. Texas wana mpango unaitwa JAMP, bunge la jimbo liliuanzisha mwaka 2001 kwa ajili ya wanafunzi wa familia zisizo na uwezo. Ukichaguliwa unapewa fedha za masomo, unapelekwa kwenye shule za udaktari wakati wa kiangazi, unaandaliwa kwa MCAT, na ukitimiza masharti yao nafasi katika shule mojawapo ya udaktari ya jimbo umehakikishiwa. Niliusikia kwa daktari kijana anayekuja kuwaona wazee wetu. Yeye alipita humo. Maombi yake hufanyika mapema, wengine wanakuja kusikia habari zake wakiwa mwaka wa tatu na mlango umeshafungwa. Sisi uwezo hatuna, kwa mara ya kwanza jambo hilo litatufaa. Usione haya kupeleka karatasi za mshahara wangu.

Na usidanganywe na wanaotaja vyuo vya majimbo ya mbali. Sheria inazitaka shule za udaktari za serikali hapa Texas ziwape wakazi wa jimbo walau asilimia 90 ya nafasi. TMDSAS unalipa ada moja hata ukiomba shule zake zote, wakati ule mfumo wa kitaifa, AMCAS, unakulipisha kwa kila shule. Halafu mikopo ya serikali kuu imewekewa kikomo kwa wanaoanza kukopa kuanzia Julai 2026: dola 50,000 kwa mwaka, na 200,000 kwa masomo yote ya udaktari. Shule ghali itakupeleka kwenye benki binafsi, na huko mama yako hana sahihi ya kukudhamini.

La mwisho ni hilo la kujitolea. Umeniandikia orodha ya vilabu vitano. Vya nini? Tangu ukiwa na miaka kumi na tatu umekuwa ukiwasindikiza akina mama wa Kikongo kliniki na kuwakalimania, ingawa kisheria hospitali haitakiwi kumtumia mtoto kwa kazi hiyo isipokuwa kwa dharura, na kuna kliniki moja ilikuwa inakupigia simu kabisa uje. Sasa wewe ni mtu mzima. Chukua yale mafunzo ya ukalimani wa hospitali, ni saa 40, ufanye kazi hiyo kwa mshahara na kwa taratibu zake. Kiswahili cha Bukavu unakisikia vizuri kuliko mimi. Saa chache kwa wiki, mwaka hadi mwaka, zitaonekana zaidi kuliko vilabu vitano vya kupigia picha.

Ila utakapokaa kuandika insha yako ya maombi, mama Furaha, yule uliyekuwa ukimkalimania, na ugonjwa wake usimtie humo. Najua ndiyo habari itakayowaliza. Ni yake, hakukupa uitumie. Andika ulichojifunza wewe siku zile ulipokosa neno na daktari anakutazama.

Nimekuondolea zamu ya Jumamosi ya kumpeleka baba yako dukani, nitampeleka mimi. Fedha ya mwezi huu nimetuma, imepungua kidogo, nitaijazia nikilipwa. Ijumaa nikitoka kazini nitakupigia, uwe umeshakwenda kwa mshauri wa wanafunzi na umeniandikia tarehe ya mwisho ya JAMP. Mjomba akiuliza, niachie mimi.

Mama yako